Nyumba ya Lamu juu ya meza

Nilipoamua kujenga nyumba ndogo ya Lamu ya kukaa juu ya meza, kipimo hakikunisumbua. Wajenzi wengi wa nyumba ndogo hutumia moja kwa kumi na mbili, yaani futi moja ya nyumba halisi inakuwa inchi moja mezani. Ndicho kipimo cha nyumba ya wanasesere aliyojengewa Malkia Mary wa Uingereza kati ya 1921 na 1924 na msanifu Edwin Lutyens, ambayo mpaka leo iko katika kasri la Windsor. Ndicho pia cha vyumba vidogo 68 vya Mmarekani Narcissa Thorne vilivyomo katika jumba la sanaa la Chicago. Nilikichukua bila kubishana nacho, nikachonga penseli. Kilichonikosesha usingizi ni pahala pa kuifungulia.

Nyumba ya wanasesere ya Kizungu, kwa desturi, hufunguka mbele. Ukuta wa barabarani hutiwa bawaba, ukiuvuta vyumba vyote viko wazi kwa pamoja, jikoni mpaka chumba cha kulala. Inaleta maana, kwa kuwa nyumba zenyewe huitazama barabara kwa madirisha yake. Sasa chukua nyumba ya mawe ya Lamu, ya karne ya 18. Kwa upande wa barabara haina uso. Kuna ukuta mtupu, na daka lenye baraza za mawe kulia na kushoto ambapo mwenye nyumba hukaa na wageni wake wa kiume. Mlango uko nyuma ya daka, na ukishaingia unakutana na tekani, kikumbi kilichopinda makusudi ili jicho la mpita njia ligonge ukuta hata mlango ukiachwa wazi. Baada ya hapo ndipo kiwanda, uwanja wa katikati usioezekwa, kisha msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili ndefu zinazofuatana, na mwisho chumba kiitwacho ndani. Kila ukisogea sakafu hupanda kidogo, na kila ikipanda watu wanaoruhusiwa kuikanyaga hupungua. Kuitia bawaba mbele nyumba ya namna hii ni kumvua mtu buibui sokoni.

Nilikwenda Lamu na futi mfukoni. Mji ule uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na nyumba moja ya kale imehifadhiwa kama makumbusho, Nyumba ya Kiswahili, ambamo mgeni huona vyumba vilivyofuatana pamoja na vyombo vyake. Nilipima nilichoruhusiwa kupima, nikachora, kisha nikakaa barazani nikitazama daka la upande wa pili wa njia mpaka mambo yakanikaa kichwani. Uamuzi niliotoka nao huko ni kwamba upande wa barabara haufunguki kamwe. Nyumba yangu imekatwa ubavuni. Ubao mmoja mrefu unachomolewa, na vyumba vyote vinaonekana kwa mstari mmoja, daka mwisho huu, ndani mwisho ule, sakafu zikipanda. Dari nayo inanyanyuka. Ila ukiliweka jicho mlangoni, upande wa mtaa, utaona alichokiona mpita njia wa zama hizo: ukuta wa tekani, na mwanga kidogo unaotoka kiwandani. Watoto huinama wakachungulia, wakalalamika kwamba hamna kitu. Nami hufurahi, maana ndivyo hasa mwenye nyumba alivyotaka.

Mengi zaidi nilijifunza kutokana na dari. Dari za Lamu zimebebwa na boriti za mkoko, na juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha zege la chokaa na kokoto. Huo ni mzigo mzito sana. Boriti ya mkoko, nene kiasi cha sentimita 10, haiwezi kuubeba ukiinyoosha mbali, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, mara nyingi havifiki mita tatu, hata viwe virefu namna gani. Jambo hili nilikuwa nimelisoma. Lakini kulisoma na kulipanga mezani ni mambo mawili. Nilichonga boriti kabla ya kuta: vijiti vya mpera, vigumu na vilivyonyooka, nikavipiga tupa mpaka vikawa na pembe nne na unene wa milimita 8. Nilipovilaza sambamba, upana wa chumba ulikuwa umeshaamuliwa, sentimita 22 na nusu, nami sikuwa na kauli. Kilichobaki mkononi mwangu ni urefu, kwa kuwa nikiongeza vijiti chumba kinarefuka. Msana wangu umefika sentimita 67, sawa na mita 8 za kweli. Hapo nikaelewa mali ilivyokuwa ikizungumza katika mji ule. Tajiri aliweza kununua urefu, akanunua na mapambo ya ukutani, lakini upana hakuna aliyeuuza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayejenga nyumba yoyote ya kihistoria, hata iwe ya udongo na makuti: tafuta kwanza kile kitu kilichowabana mafundi wa wakati huo, ukianze hicho. Ukianza na mapambo utapata sanduku lililopambwa.

Kuta ni hadithi nyingine. Ukuta wa nyumba ya mawe una unene wa nusu mita hivi, mezani ni sentimita 4 na ushei. Ukiujenga kwa mawe ya kweli, meza itavunjika na mgongo wako pia. Mimi nilitumia lile povu jeupe gumu linalokuja na televisheni mpya, nikalikata kwa kisu chenye makali, nikaligandisha kwenye plaiwudi kwa gundi ya mbao. Juu yake nikapaka chokaa ya kweli. Rangi nyeupe ya dukani haifai: hung'aa pasipotakiwa, na kona zake hutoka kali mno. Chokaa ina ule ulaini wa kingo ambao macho yetu ya Pwani yanaujua tangu utotoni.

Tatizo la chokaa ni mchanga. Punje ya mchanga ya nusu milimita, ukiirudisha kwenye ukubwa wa kweli, ni kokoto ya milimita 6. Ukuta uliopigwa lipu kwa mchanga wa kawaida utaonekana kama umemwagiwa changarawe, na hapo nyumba nzima inajisema kuwa ni ndogo. Nilitwanga vipande vya matumbawe yaliyokufa nilivyookota ufukweni, nikachekecha unga wake kwa kitambaa cha shela, kile chepesi kabisa, nikauchanganya na chokaa iliyolowekwa. Wazee walikuwa wakipanga matumbawe juu ya magogo, wakayachoma katika tanuu, wakayazima kwa maji, kisha wakaiacha chokaa ikae miezi ndipo waiguse. Mimi sikuchoma chochote, nilinunua mfuko duka la vifaa vya ujenzi, lakini kuiloweka muda mrefu ni sharti ambalo sikulikwepa, na tofauti inaonekana mkononi: inakuwa laini, inateleza chini ya mwiko. (Mwiko wangu ni kijiko cha chai kilichopigwa nyundo.) Ipakwe nyembamba, milimita moja kila unapopaka, juu ya uso uliolowanishwa, na isianikwe juani. Chokaa huwa ngumu kwa kuvuta hewa ukaa polepole, na ikikaushwa haraka hupasuka. Gunia bichi juu yake, na subira.

Kisha zidaka. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penye roho ya nyumba. Ukuta wa ndani, wakati mwingine na wa msana wa yuu, hupambwa kwa safu juu ya safu za vishubaka vya lipu iliyochongwa, na ndani yake huwekwa vyombo vya kaure vya China, misahafu, vitu vya thamani. Watafiti wameandika kwamba vyombo vile vilihesabiwa pia kuwa kinga dhidi ya jicho la husuda, na mtu aliyekulia katika nyumba za Pwani hatashangaa. Katika kipimo chetu kishubaka kimoja kina upana wa vidole viwili tu. Kukichonga ndani ya ukuta mzima ni kuomba nyufa. Nilikata kila safu katika kadibodi ngumu, tabaka tatu, ya mbele ikiwa na tao na za nyuma zikiwa na mraba mtupu, nikazibandika, ndipo nikapitisha chokaa kwa brashi ya rangi ya maji mpaka mishono ikapotea. Mapambo ya kingo niliyachora kwa sindano chokaa ikiwa bado mbichi. Sahani za kaure ni vifungo vya shati. Kifungo cheupe cha shati kina milimita 11 hivi, sahani ya sentimita 13 inakuwa kadiri hiyo hiyo. Zibia vile vitundu kwa gundi, chora maua ya buluu kwa brashi ya nywele chache, paka vanishi. Usijaribu kunakili ua kamili. Vistari vitatu vya buluu mbalimbali kidogo vitamdanganya kila mtu, ua kamili litaonekana doa.

Mlango niliuchonga kwa mti wa mndimu. Mvule, ambao ni mmoja wa miti ya milango ya kweli, una nyuzi kubwa mno kwa kazi hii, ubao wake ukiupunguza mara kumi na mbili huonekana kama umechanwa na kucha. Mndimu una nyuzi za karibu karibu. Nilianza na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana, kwa kuwa ndio wenye nakshi zaidi. Kazi ilikwisha salama, sina mengi ya kuusemea.

Nyumba ilipokuwa imesimama, nikamwonyesha bibi mmoja mzaliwa wa Lamu ambaye huwa namwamkia kila nipitapo kwake. Aliizunguka taratibu, akagusa zidaka kwa ncha ya kidole, akaomba dari inyanyuliwe. Akatazama tena muda mrefu.

"Mwanangu, nyumba hini nani aifagiaye?"

"Bado sijaweka watu, Bibi."

"Sikuulizi watu. Nakuuliza maji hupandaje huko juu? Na mpunga hutwangwa wapi?"

Sikuwa na neno. Nyumba za mawe za karne ya 18 ziliendeshwa kwa kazi ya watumwa, na katika pwani ya Kenya utumwa haukuondolewa kisheria mpaka 1907. Kila sahani ya kidakani ilipanguswa na mtu. Jikoni palikuwa juu, kwenye sakafu ya dari chini ya paa la makuti, na maji yalitoka kisimani chini, ngazi baada ya ngazi, kichwani mwa mtu. Vitabu vya picha vya Lamu vinapenda zidaka, havipendi ngazi. Tangu siku ile nimeona kwamba nyumba ndogo za kihistoria duniani kote zina hatari hiyo hiyo, kwa sababu udogo wenyewe unapendeza, na kinachopendeza hakiulizwi maswali.

Watu sikuwaweka hata baadaye. Mwanasesere katika kipimo hiki hukodoa macho tu na kuua kila kitu kilichomzunguka. Nikaweka alama za kazi: kinu na mchi kiwandani, na makapi ya mpunga chini yake, mitungi miwili kando ya kisima, mmoja umelowa, ngazi iliyolika katikati ya kila kidato, niliyoila kwa msasa, meko matatu ya mawe juu darini, ukuta wa nyuma yake ukiwa mweusi kwa masizi ya mshumaa. Na katika chumba cha chini, kile kisicho na kidaka hata kimoja, mkeka uliokunjwa na bakuli la mti. Bibi alipokuja mara ya pili alikitazama kile chumba, akasema "Haya," akaomba chai.

Sasa bustani. Ile nyumba ya Windsor ina bustani iliyosanifiwa na Gertrude Jekyll, nayo imefichwa katika mtoto wa meza chini ya nyumba, unaivuta ikatoka. Mimi nisingeweza kufanya hivyo, maana bustani ya nyumba ya Lamu haiko nje. Kijani kilichopo kiko kiwandani, moyoni mwa nyumba, na nje ni njia nyembamba ya mita moja na nusu yenye mfereji, ambayo mezani ni sentimita 12 na nusu, tena imefunikwa kipande kwa wikio, kile chumba kinachovuka njia kikiunganisha nyumba mbili.

Kazi ya kwanza ya bustani ya kihistoria ni kung'oa. Ukitazama picha za Lamu za leo utaona bogonvilia imemwagika kwenye kila ukuta. Mmea huo asili yake ni Amerika ya Kusini. Wazungu waliukusanya Brazili katika safari ya baharia Mfaransa Bougainville iliyoanza 1766, kwa hiyo nyumba ya mwaka 1750 haiwezi kuwa nao. Mkrismasi unaowaka mwekundu kila Desemba ulitoka Madagaska na kuenezwa duniani katika karne ya 19. Utoke. Na kwa kuwa tunasafisha: kanga kwenye kamba itoke, ni vazi la nusu ya pili ya karne ya 19, kandili ya mafuta ya taa itoke, iingie taa ya udongo yenye utambi.

Nilibaki na asmini, mrihani, mkadi, mgomba na mndimu. Ndizi na ndimu nina shahidi wake, Ibn Battuta aliyepita Mombasa mwaka 1331 na kuziandika. Shina la mndimu ni waya wa shaba uliotolewa kwenye kebo kuukuu ya umeme: sokota nyaya thelathini pamoja, zigawe matawi kwa kuzichanua mbili mbili kuelekea juu, paka gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Majani ya ndimu ni sentimita 6 au 7, kwetu nusu sentimita. Nilitoboa karatasi iliyopakwa kijani kwa kitobozi nilichokitengeneza kwa bomba la antena ya redio. Jani la mgomba ni karatasi ndefu iliyokunjwa katikati na kuchanwachanwa kingo, kwa kuwa jani la mgomba lisilochanwa na upepo halipo Pwani. Asmini ilinishinda kwa karatasi, ua lake kwetu ni milimita 2. Chembe za semolina zilizobandikwa kwenye uzi zilitosha, mwenye macho atanukia mwenyewe.

Mnazi ulikuwa mgogoro. Mnazi wa mita 18 katika kipimo chetu ni mita moja na nusu, unasimama juu ya nyumba ukaifanya ionekane banda la kuku. Wengine huufupisha mnazi. Mimi naona huo ni uongo mbaya kuliko kuuacha, kwa sababu kila mtu wa Pwani anajua nyumba na mnazi vinavyolingana. Niliuweka nje ya meza. Ndani ya mandhari kuna kuti moja lililoanguka njiani, dafu lililopasuka, na juu ya ukuta wa kiwanda kivuli cha makuti nilichokipaka kwa maji ya rangi ya kijivu mepesi sana. Hakuna aliyewahi kuniuliza mnazi uko wapi. Wote huufuata ule ukuti kwa macho mpaka juu.

Maji pia hayakubali kupungua. Tone la maji lina umbo lake na halijali kipimo chako: kwenye birika la sentimita 6 linajikunja kingoni na kuonekana tone. Birika la choo cha ndani nililijaza vanishi isiyo na rangi, tabaka nyembamba moja kila iliyotangulia ikikauka. Katika mabirika ya kweli waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika wakazamisha bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wabaki na dimbwi lao. Nami nimezamisha kifungo. Samaki ni vipande vya punje za mchele vilivyopakwa kijivu, vimewekwa kati ya tabaka la pili na la tatu ili kila mmoja awe na kina chake.

Hewa yetu ya chumvi ina adabu zake. Gundi ya unga wa ngano usiitumie kabisa, kombamwiko wataila pamoja na ukuta. Majani makavu ya kweli, ukiyapenda, yaloweke kwenye gliserini ya duka la dawa, sehemu moja kwa mbili za maji moto, la sivyo yatakuwa unga kabla ya kusi kuisha. Misumari iwe ya shaba. Na nyumba ijengwe vipande viwili, kwa sababu nyumba ya mita 14 ni zaidi ya mita moja mezani, na milango ya fleti za Mombasa haikupangwa kwa ajili yetu.

Mnunuzi wa kwanza aliyekuja kuitazama alikuwa na hoteli. Aliipenda kwa dhati, akaizunguka, akapiga picha nyingi. Akauliza bei, nikamtajia, hakushtuka. Kisha akaniomba mambo madogo tu: mlango uwe na ile miiba ya shaba kama ya Zanzibar, ukuta wa mbele ufunguke ili wageni waone vyumba kwa urahisi, chumba cha mkeka kijazwe kitu kingine, na bogonvilia moja ya waridi ipande dakani, kwa sababu ya rangi. Nikamjibu kwamba bogonvilia naweza kumtengenezea, nzuri sana, karatasi ya pipi inafaa. Ila hiyo itakuwa nyumba ya mwaka 1950, mlango wake uwe wa fundi wa wakati huo, taa yake iwe ya mafuta ya taa, na bei yake ni nyingine, kwa kuwa nitalazimika kurudi Lamu kupima upya. Alicheka, akasema atanipigia. Nimeshaanza kukusanya makaratasi ya pipi.